Kenya: Saileji ya shimoni au ya marobota? Idadi ya ng'ombe ndiyo mwamuzi

Kila mwaka ifikapo Januari, nyanda za juu za Kenya huingia katika miezi ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huihofu. Mvua za vuli, zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, huwa zimekwisha, na mvua za masika hazitarajiwi kabla ya Machi. Nyasi hukauka, matete hukatwa hadi shinani, na maziwa hupungua ndooni. Bei ya maziwa nayo hupanda wakati huo huo, lakini faida humwendea yule tu aliyejiwekea malisho wakati wa neema.

Fundisho la kuweka akiba lilikuwa chungu zaidi kati ya mwaka 2020 na 2023. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo mengi ya kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Walioumia zaidi walikuwa wafugaji wa kuhamahama, wasio na shamba la mahindi wala ghala la majani. Hata hivyo, ukame huo uligusa pia mifuko ya wafugaji wa Nyandarua, Kiambu, Nakuru na Meru, kwani bei za nyasi kavu na za vyakula vya viwandani zilipanda.

Ndiyo maana saileji, yaani majani mabichi yaliyokatwakatwa na kuhifadhiwa mahali pasipopita hewa, inazungumzwa sana leo katika vyama vya ushirika vya maziwa nchini Kenya. Nalo swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: je, malisho hayo yahifadhiwe shimoni, kama ilivyozoeleka, au yafungwe katika marobota yaliyoviringishiwa nailoni? Mwenye mashine ya kufunga marobota husifu marobota. Mwenye trekta ya kushindilia husifu shimo. Mfugaji anayetaka jibu lake mwenyewe hana budi kuanzia kwingine: kwanza ahesabu ng'ombe wake, kisha ajue watamaliza kilo ngapi kwa siku.

Asidi inayolinda malisho

Msingi wa njia zote mbili ni mmoja. Majani mabichi yanaposhindiliwa na kufunikwa, chembe hai za mmea huendelea kupumua kwa saa kadhaa na kumaliza hewa iliyobaki ndani. Hewa ikiisha, bakteria wanaoishi bila hewa hugeuza sukari ya mmea kuwa asidi laktiki, asidi ile ile inayoyagandisha maziwa ya mtindi. Uchachu huo ukifikia kiwango cha pH 4 hivi, vijidudu waharibifu hushindwa kufanya kazi, na malisho hutulia. Shughuli hiyo huhitaji wiki 3 hadi 6. Baada ya hapo, saileji isiyoguswa na hewa wala maji ya mvua yaweza kukaa mwaka mzima na zaidi bila kuharibika.

Elimu hii ilipewa heshima ya juu kabisa mwaka 1945, pale mkemia wa Finland, Artturi Virtanen, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, hasa kwa njia yake ya kuhifadhi malisho kwa kutumia asidi. Nchi yake ina majira marefu ya baridi ambapo ng'ombe hawana jani la kula. Afrika Mashariki haina theluji mashambani, lakini ina kiangazi, na haja ya kuweka akiba ni ile ile.

Hewa, basi, ndiyo adui mkuu. Hewa inayobaki ndani siku ya kujaza huchelewesha uchachu na kuunguza sukari. Hewa inayoingia siku ya kufungua huamsha chachu na kuvu, ambazo hula ile asidi ya kinga. Saileji hupata joto, hupoteza nguvu yake, kisha huota ukungu. Wafugaji wengi huijua hatari ya kwanza na kushindilia kwa bidii. Hatari ya pili husahaulika, na ndiyo inayotenganisha shimo na robota.

Shimo: gharama ndogo kwa kilo, kazi kubwa kwa siku chache

Shimo la saileji ni handaki linalochimbwa kwenye ardhi yenye mteremko kidogo, ambapo maji ya mvua hayatuami. Pande zake na sakafu hutandikwa karatasi nene ya nailoni. Mahindi mabichi hukatwa na mashine katika vipande vya sentimita 1 hadi 2, hutandazwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya lingine kuwekwa. Penye ng'ombe wengi hutumika trekta; penye ng'ombe wachache hutumika pipa lililojazwa maji, au miguu ya watu. Mwishoni rundo huumbwa mfano wa mgongo wa kobe ili maji yateremke, hufunikwa nailoni, kisha udongo huwekwa juu kwa uzito, na mfereji huchimbwa kuzunguka.

Uzuri wa njia hii ni kwamba nailoni inayotumika ni kidogo ikilinganishwa na wingi wa malisho. Udongo ni wa mfugaji mwenyewe, na nguvu kazi yaweza kuwa ya familia na majirani. Kwa hesabu ya kilo moja moja, mara nyingi hakuna njia iliyo rahisi kuliko shimo lililojazwa vizuri.

Ubaya wake ni kwamba hudai kila kitu kwa wakati mmoja. Mashine, watu, usafiri na karatasi lazima vipatikane katika siku mbili au tatu zile zile, kwa sababu shimo linaloachwa wazi wiki nzima huanza kuoza kabla halijafunikwa. Mvua kubwa ikinyesha katikati ya kazi, shimo zima huwa hatarini. Katika maeneo yenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kujaa maji wakati wa mvua, handaki halifai. Huko rundo hujengwa juu ya ardhi. Aidha, shimo halihamishiki. Mfugaji akipata shida ya fedha na kutaka kuuza sehemu ya akiba yake, sharti alifungue na kuiingiza hewa ndani ya malisho yote yaliyobaki.

Robota: kosa moja huharibu robota moja

Katika njia ya pili, malisho yaliyokatwakatwa hubanwa na mashine na kuviringishiwa nailoni inayovutika, tabaka nne hadi sita. Yapo marobota madogo ya kilo 60 hivi, ambayo watu wawili huweza kuyabeba, na yapo makubwa ya kilo mia kadhaa yanayohitaji mashine ya kuyainua. Aghalabu mashine huwa ya mkandarasi au ya kikundi, naye mfugaji hulipia kila robota.

Faida ya kwanza ni kwamba kila robota ni ghala linalojitegemea. Likitobolewa, ni hilo moja linaloharibika. Kazi yaweza kusimamishwa mvua inapotishia na kuendelea kesho yake, bila kuhatarisha yaliyokwisha kufungwa. Faida ya pili ni biashara: robota hupimwa, huhesabiwa, hupakiwa katika gari na kuuzwa kwa mfugaji asiye na shamba. Kwa njia hiyo mkulima wa mahindi wa Bonde la Ufa aweza kumlisha ng'ombe anayeishi katika nusu ekari pembezoni mwa Nairobi.

Gharama yake nayo ni bayana. Nailoni hununuliwa upya kwa kila robota na haitumiki tena. Panya, kunguru, paka na hata bua gumu la mhindi huweza kuitoboa, na tundu dogo lisiloonwa kwa mwezi mmoja hutosha kuozesha ndani. Marobota yapasa kuwekwa mahali palipofyekwa, pasipo na mawe wala visiki, yakaguliwe kila wiki, na kila tundu lizibwe mara moja kwa utepe wa nailoni unaoshika vizuri. Isitoshe, mabaki ya nailoni huwa taka inayozagaa. Ng'ombe anayemeza vipande vyake huweza kuzibwa tumbo, kwa hiyo nailoni na kamba zote lazima ziondolewe kabla ya malisho kufika horini.

Hesabu ya uso wa shimo

Shimo likifunguliwa, ukuta wa saileji unaobaki wazi huitwa uso wa shimo. Kila siku hewa hupenya nyuma ya uso huo. Katika nchi za joto, mfugaji ashauriwa kukata walau sentimita 15 kwa siku kutoka uso wote, ili ng'ombe wale kabla ya joto na kuvu kupata nafasi. Akikata pungufu, hewa humtangulia, na kila siku atakuwa akilisha saileji iliyokwisha kuanza kuharibika.

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye ng'ombe watatu, kila mmoja akila kilo 20 za saileji kwa siku pamoja na vyakula vingine. Wote watatu humaliza kilo 60. Saileji iliyoshindiliwa kwa mikono huwa na takriban kilo 500 katika mita moja ya ujazo. Iwapo mfugaji huyo amechimba shimo lenye upana wa mita 2 na kina cha mita 1, kilo 60 zitampunguzia sentimita 6 tu kwa siku, chini ya nusu ya kiwango kinachotakiwa. Ili akate sentimita 15, angehitaji kulisha kilo 150, yaani kuwa na ng'ombe saba au wanane.

Hapo ndipo wafugaji wadogo hukwama bila kujua kosa liko wapi. Walishindilia vema, wakafunika vema, saileji ikachacha vema, lakini shimo lilikuwa pana kuliko zizi. Shimo lililotunzwa vizuri hupoteza sehemu ndogo tu ya malisho, ilhali shimo lililojazwa vibaya au linalolishwa polepole huweza kupoteza theluthi nzima. Mwenye kupoteza theluthi moja hana haki ya kusema kwamba shimo lilimgharimu kidogo.

Dawa ipo. Mfugaji wa ng'ombe watatu anayependa shimo alichimbe jembamba: upana wa mita 1 na kina cha sentimita 80. Kwa ukubwa huo, kilo 60 hukata sentimita 15 barabara. Kwa kiangazi cha siku 120 atahitaji urefu wa mita 18, na ni vyema agawe urefu huo katika mashimo mawili ya mita 9, ili moja likiharibika lingine lisalie. Jumla yake ni tani 7 na kilo 200. Ekari moja ya mahindi iliyotunzwa vizuri na kupata mvua ya kutosha huweza kutoa kiasi hicho na ziada ya kufidia upotevu.

Hesabu hiyo hiyo huyahukumu marobota. Robota la kilo 60 huliwa na ng'ombe watatu kwa siku moja. Hewa haipati muda. Lakini robota la kilo 400 kwa ng'ombe hao hao litakaa wazi karibu wiki nzima, na katika joto huenda likaanza kuchemka kabla ya siku ya nne. Mwenye ng'ombe watatu akinunua robota kubwa kwa sababu bei yake kwa kilo ni nafuu, amejinunulia tatizo lile lile la shimo pana. Kinyume chake, mwenye ng'ombe 20 wanaokula kilo 400 kwa siku hana sababu ya kulipia nailoni ya marobota madogo saba kila kukicha. Shimo la upana wa mita 3 na kina cha mita 1 na nusu litamfaa, na uso wake utakatwa zaidi ya sentimita 15 kila siku.

Anayenunua saileji hununua maji pia

Wapo wafugaji wasio na shamba, ambao hawachagui kati ya kuchimba na kufunga bali kati ya muuzaji huyu na yule. Hao wakumbuke kwamba takriban theluthi mbili za uzito wa saileji ya mahindi ni maji. Robota la kilo 60 lina karibu kilo 20 tu za chakula kikavu. Fungu la nyasi kavu la kilo 15 lina kama kilo 13. Saileji nzuri ina punje za mahindi, hivyo nguvu yake kwa kilo moja ya chakula kikavu hupita ile ya nyasi kavu. Lakini nauli hulipiwa kwa uzito, na maji husafirishwa kwa bei sawa na chakula. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo faida ya robota inavyoliwa na barabara.

Mnunuzi apime uzito badala ya kuhesabu marobota peke yake. Kisha afungue moja na kukamua konzi ya saileji mkononi. Maji yakichuruzika, mahindi yalikatwa yakiwa machanga mno. Tonge likisambaratika papo hapo, yalikatwa yakiwa yamekauka mno. Tonge likijishika kisha likafunguka polepole, saileji hiyo ina unyevu unaofaa. Rangi iwe ya kijani iliyofifia kuelekea manjano au hudhurungi hafifu, na harufu iwe ya uchachu mtamu. Harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua ni dalili ya joto kupita kiasi. Harufu ya uozo ni dalili kwamba uchachu ulikwenda kombo.

Saileji yenye ukungu itupwe, asipewe hata ndama. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, na ng'ombe akila malisho yenye sumu ya aflatoksini, sehemu yake hupita katika maziwa. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Hasara ya tonge lililooza, basi, haiishii zizini. Yaweza kufika katika kikombe cha mtoto.

Mfuko, njia ya kati

Kati ya shimo na robota ipo njia ya tatu, ambayo imewafaa wafugaji wengi wadogo wa Kenya: mfuko mrefu wa nailoni nene. Kipande cha urefu wa mita 2 na nusu na upana wa mita 1 na nusu hufungwa upande mmoja, hujazwa malisho yaliyokatwakatwa huku yakishindiliwa kwa miguu, kisha hufungwa upande wa pili. Mfuko mmoja huchukua kilo 400 hadi 500. Kazi yaweza kufanywa mfuko mmoja leo na mwingine kesho, bila trekta wala mkandarasi. Udhaifu wake ni kutobolewa kwa urahisi na kushindiliwa kwa shida, hasa kwenye pembe. Baada ya kuchota, mfuko sharti ukunjwe, hewa itolewe, na mdomo ufungwe upya kila mara.

Njia yoyote ile haiwezi kuokoa zao lililokatwa wakati usiofaa. Mahindi hukatwa punje zinapokuwa kati ya maziwa na ugumu; gunzi likivunjwa, mstari unaotenganisha sehemu ngumu na sehemu laini ya punje uonekane kama katikati. Matete yana sukari kidogo, hivyo huongezwa molasi iliyochanganywa na maji ili bakteria wapate chakula. Saileji ya mahindi nayo ina protini chache, asilimia 7 hadi 9 hivi, ilhali ng'ombe anayekamuliwa vizuri huhitaji asilimia 14 hadi 16 au zaidi katika chakula chake. Majani ya jamii ya kunde, kama desmodiamu, lusina na kaliandra, ambayo wafugaji wa Kenya ya kati wameyazoea, hujaza pengo hilo.

Lipo pia jambo ambalo halipimwi kwa kilo. Mahindi ni ugali. Ekari inayokatwa ikiwa mbichi kwa ajili ya ng'ombe haitavunwa nafaka msimu huo. Familia inayotegemea shamba moja yapasa kuamua mapema ni sehemu gani ya zizi na ni sehemu gani ya jikoni, kabla njaa ya mmoja haijawa lawama kwa mwingine.

Kwetu Uganda

Kwa wafugaji wa Uganda, hasa wa ukanda wa ng'ombe unaotoka kusini magharibi kuelekea Karamoja, somo la jirani zetu lina manufaa ya moja kwa moja. Kusini magharibi, kiangazi cha Juni hadi Agosti hukausha malisho na kupunguza maziwa. Maziwa ya Uganda huuzwa Kenya, na anayeweza kukamua wakati wa ukame hana haja ya kuhangaikia soko.

Mwenye ng'ombe mmoja hadi wanne atafakari kwanza mfuko, robota dogo au shimo jembamba. Mwenye watano hadi kumi aweza kuwa na shimo la wastani, akiwa na uhakika wa kulimaliza kwa kasi inayotakiwa, na marobota machache ya dharura. Mwenye zaidi ya hapo, aliye na shamba na njia ya kupata trekta, shimo ndilo litakalompunguzia gharama. Anayekusudia kuuza malisho, na anayeishi mjini bila ardhi, wote wawili watahitaji marobota, kwa sharti kwamba wanapima uzito na kuhesabu nauli.

Kabla ya jembe kugusa ardhi au mkandarasi kupigiwa simu, hesabu ni fupi: idadi ya ng'ombe mara kilo 20, mara siku za kiangazi. Zao hilo likishajulikana, ukubwa wa shimo au wa robota hujitaja wenyewe.